Hudi ya petali, ya duara au ya mpira: ipi inafaa mwanga wa ziwa bila kutia giza kwenye kona

Nianze na jibu, ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi chini. Kama unapiga picha za watu kwa lenzi ya 50 mm au 85 mm, chukua hudi (kofia inayokaa mbele ya lenzi) ya duara, tena ndefu, na ikiwa kamera yako ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) unaweza kuvuka hata urefu wa ile ya kiwandani. Kama lenzi yako ni zumu pana, 18-55 au 24-70, chukua ya petali, yenye ukingo uliokatwa kama petali za ua, iliyochongwa kwa ajili ya lenzi hiyo hiyo, na zile za "inaingia lenzi zote" waachie wengine. Ya mpira ya kukunja iwe ya pili kwenye begi. Ya chuma yenye matundu ubavuni inapendeza macho, nitaeleza baadaye kwa nini wengi wetu haituhusu.

Wapiga picha wengi hapa Mwanza huiacha hudi imegeuzwa kinyumenyume tangu ilipotoka dukani. Ikiwa imegeuzwa hivyo haikingi chochote. Inakuzuia tu kushika pete ya zumu.

Jua la Mwanza linaingia kwenye fremu saa ngapi?

Mng'ao unaoharibu picha una sura mbili. Ya kwanza ni madoa, vile viduara vya kijani na zambarau vinavyojipanga mstari mmoja kutoka lilipo jua kupita katikati ya picha. Ya pili ni ukungu, na huu ndio unaoumiza kazi. Uso wa kioo ambao haujapakwa kitu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Lenzi za leo zimepakwa tabaka maalumu zinazoshusha kiasi hicho hadi chini ya asilimia 1, lakini zumu ya kawaida ina vioo zaidi ya 10, na mwanga mkali ukigonga kioo cha mbele, hata kama jua lenyewe halimo kwenye picha, hudundadunda humo ndani na kumwagikia sensa. Cheusi kinageuka kijivu. Suti ya bwana harusi inapauka na ngozi nyeusi inapoteza kina chake. Unaweza kuvuta weusi baadaye kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, ila rangi ya ngozi hairudi vizuri, kwa kuwa ukungu hautandi sawasawa picha nzima: upande mmoja mzito, upande mwingine hafifu.

Hudi inafanya kazi ya upenu wa nyumba. Jua la juu linazuiwa. Jua lililoshuka hadi usawa wa dirisha linaingia tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza jua liko wapi unapopiga.

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na jua hapa hushuka karibu wima, takriban nyuzi 14 hadi 15 kwa saa. Huzama mnamo saa moja jioni, likiwahi au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi, upande wa ghuba. Sasa piga hesabu. Kamera ya sensa ndogo yenye 18 mm, ikishikwa kwa ulalo na kuelekezwa magharibi bila kuinamishwa, inaona kama nyuzi 22 juu ya upeo wa macho. Maana yake jua linaingia ndani ya picha takriban saa moja na nusu kabla ya kuzama, yaani saa kumi na moja na nusu. Kuanzia hapo hudi yoyote, ya bei ya juu au ya kwenye meza ya barabarani, haiwezi kulizuia, kwa sababu kulizuia ni kuizuia picha yenyewe.

Ukiwa na 50 mm kwenye kamera hiyo hiyo mambo ni tofauti. Picha inaishia nyuzi 8 na nusu hivi juu ya upeo, kwa hiyo jua linabaki nje hadi kama dakika 35 kabla ya kuzama. Ukiwa na 200 mm, fremu inaishia nyuzi 2 tu, na jua linaingia dakika chache za mwisho. Ukisimamisha kamera wima, kama tunavyofanya kwa picha ya mtu mmoja, linaingia mapema zaidi: kwa 50 mm, kama dakika 50 kabla.

Muda huo, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili na ushee, ndio muda ambao maharusi wanafika Capri Point au mbele ya Jiwe la Bismarck, na ndio muda ambao hudi ndefu kwenye 50 mm au 85 mm inalipa kila shilingi. Hudi ya 18 mm, saa hizo hizo na kuelekea huko huko, kazi yake kubwa ni kukinga kioo kisigongwe.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopiga picha mbali na ziwa hawalijui: ziwa linatuongezea jua la pili. Maji yakitulia, mwanga unarudi kutoka chini kwa pembe ile ile jua lilipo juu. Ndiyo maana mkono uliowekwa juu ya lenzi, dawa nzuri kabisa ukiwa katikati ya mji, hautoshi ukiwa ndani ya mtumbwi au kwenye ukingo wa jiwe. Unaziba juu, chini kunabaki wazi. Hudi inayozunguka lenzi nzima inazuia pande zote mbili.

Petali dhidi ya duara

Wengi huchagua ya petali kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Umbo lake halikuchorwa kwa urembo. Picha ni mstatili wa 3 kwa 2, lenzi ni duara, na kona ndizo zilizo mbali zaidi na katikati, kwa hiyo ndizo zinazotazama pembe pana kuliko sehemu nyingine yoyote ya picha. Lenzi ya 50 mm kwenye sensa kubwa ya 36 kwa 24 mm inaona nyuzi 40 kwa upana, 27 kwa kimo, na 47 kutoka kona hadi kona. Hudi ya duara lazima iwe fupi kiasi cha kuziridhisha zile nyuzi 47, halafu ufupi huo unabaki hivyo hivyo hata juu na chini, ambako kulikuwa na nafasi ya kwenda mbele zaidi. Ya petali inakatwa pale penye kona nne tu. Petali za juu na chini zinabaki ndefu, za kushoto na kulia fupi kidogo.

Kwa lenzi pana, basi, petali inashinda waziwazi. Na kwa sisi tunaopata jua juu na mng'ao wa maji chini, petali ndefu ziko pale pale tunapozihitaji.

Udhaifu wake ni kwamba lazima ikae sawa. Ikizunguka hata kidogo, petali ndefu inahamia kwenye kona. Hii ina alama yake: ukiona kona mbili zinazotazamana kimshazari zimekuwa nyeusi na zile nyingine mbili ni safi, usilaumu lenzi, hudi haijafika mwisho wa kufunga. Sukuma mpaka ilie "tak". Kona zote nne zikiwa nyeusi kwa kiasi kimoja, hapo tatizo ni urefu, hudi si ya lenzi hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo siipendekezi hudi ya petali ya kusokota kwenye mdomo wa filta (msokoto wa mbele ya lenzi ambako filta, kile kioo cha ziada, hufungwa), isipokuwa iwe na pete ya kuikaza ukishaipanga. Ya kawaida inaishia pale msokoto unapoishia, na petali zinakaa zinapotaka zenyewe. Tena kuna lenzi ambazo mdomo wake wa mbele huzunguka zinapotafuta fokasi. Canon EF-S 18-55 mm IS II ni mojawapo, na bado ziko nyingi mikononi mwa watu. Ukiifunga petali kwenye lenzi kama hiyo, kila fokasi inageuza petali. Canon wenyewe wanaipa lenzi hiyo hudi ya duara, EW-60C, fupi kiasi kwamba sioni kama inazuia kitu. Toleo lililokuja baadaye, lenye herufi STM, mdomo wake hauzunguki, na hudi yake, EW-63C, ni ya petali. Lenzi mbili zenye milimita zile zile, hudi mbili tofauti. Muuzaji akikuambia "zote ni 18-55, inaingia tu", mwombe aifunge mbele yako.

Ya duara haina fujo hizo. Haijali imezunguka au la, na ukitaka kuisimamisha lenzi mezani wakati wa kubadilisha, inasimama wima bila kuyumba. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu, tofauti kati yake na petali inapungua hadi haina maana. Kuanzia 85 mm sioni sababu ya kulipia petali.

Na hapa wenye kamera za sensa ndogo wana nafasi ambayo wachache wanaitumia. Canon EF 50 mm f/1.8 STM ina hudi yake ya duara inayouzwa peke yake, ES-68, iliyopimwa kwa sensa kubwa, yaani kwa zile nyuzi 47 za kona hadi kona. Kwenye sensa ndogo ya Canon lenzi hiyo hiyo inaona nyuzi 30 tu. Hudi ya kiwandani inaacha nafasi kubwa wazi ambayo jua la saa kumi na moja linapita bila kubisha. Lenzi hiyo ina mdomo wa filta wa 49 mm; hudi ya duara ya kusokota ya ukubwa huo, ile iliyokusudiwa lenzi za kati ya 80 na 100 mm, huwa inakaa bila kugusa kona, na ukungu unapungua kwa kiasi cha kuonekana hata kwenye skrini ya nyuma ya kamera. Ipime kwanza kwa njia nitakayoeleza, maana urefu wa hudi hizi unatofautiana kutoka mtengenezaji hadi mtengenezaji.

Shida ya zumu

Hudi ya zumu hukatwa kwa upande mpana. Ya 18-55 inapimwa kwa 18, kwa hiyo ukifika 55 ni fupi mno. Hakuna petali inayotibu hilo. Canon waliwahi kulimaliza vizuri kwenye EF 24-70 mm f/2.8L ya mwaka 2002: lenzi ilichomoza ikiwa 24 na kurudi ndani ikiwa 70, huku hudi ndefu ikiwa imefungwa kwenye mwili usiosogea, hivyo kila milimita ilipata kivuli chake. Zumu nyingi zimejengwa tofauti, na mwenye nazo anabaki na mkono wake au hudi ya mpira.

Ya mpira

Hudi ya mpira ya kukunja huwa na hatua tatu: iliyokunjwa nyuma kwa lenzi pana, nusu kwa ya kati, na iliyonyooka kwa ndefu. Ni ya bei nafuu, haivunjiki ikianguka juu ya mawe, na kwa zumu nyingi ndiyo inayoweza kufuata milimita zake, ilimradi ukumbuke kuikunja. Ukisahau ukarudi 18 ikiwa imenyooka, unapata picha ndani ya tundu jeusi.

Faida yake kubwa haihusu jua. Ukiwa ndani ya basi au ndani ya meli ya Nansio na unapiga kupitia dirisha, bonyeza mpira huo kwenye kioo. Mwanga wa ndani hauna pa kupenya, na shati lako jeupe halionekani tena likielea juu ya ziwa. Hudi ngumu haiwezi, inatetemeka na kuachia pembeni.

Inashirikiana vizuri pia na filta ya pola, ambayo wengi huitumia ziwani kuondoa ng'aa ya maji. Filta hiyo lazima izungushwe. Ukiwa na hudi ya petali inabidi uingize vidole ndani ya petali, ukiache kioo na alama za vidole. Hudi ya mpira ikisokotwa mbele ya pola, unazungusha hudi na pola inazunguka nayo. Bei unailipa kwenye kona: filta ya UV (kioo cha kinga), juu yake pola, juu yake hudi, kila kimoja kinasogeza mdomo mbele milimita kadhaa, na kwenye 18 mm kona zinaanza kufa. Toa UV kwanza. Ikiwa bado, tafuta pete ya kupanua, kwa mfano ya kutoka 58 hadi 67, halafu weka filta na hudi za 67. Mdomo ukiwa mpana zaidi, urefu ule ule hauonekani tena.

Mpira una uzee wake. Jua linaukausha na kuupasua kwenye mikunjo, na upepo wa ziwa wa mchana unaweza kuukunja uliolegea. Uone kama kitu cha kubadilisha.

Ile ya chuma yenye matundu ubavuni ilizaliwa kwa kamera ambazo tundu la kuchungulia liko pembeni ya lenzi, ili mpiga picha aone kupitia yale matundu badala ya kuzibwa na hudi. Kwenye kamera inayokuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, matundu hayo hayana kazi. Kama una lenzi ya zamani ya 35 mm au 50 mm, itakaa vizuri na itapendeza.

Kupima kona kabla ya kulipa

Kila lenzi hutia giza kidogo kwenye kona hata bila hudi, hasa tundu la ndani ya lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi kabisa. Kwa hiyo kuangalia picha moja hakukuambii kitu. Piga mbili, na hudi na bila hudi, bila kubadilisha kingine chochote.

Elekeza kamera kwenye mbingu zilizofunikwa na wingu jepesi au ukuta mweupe wenye kivuli, jua likiwa mgongoni. Weka zumu kwenye upana wake wote. Weka fokasi mbali kabisa, kwa sababu kuna lenzi zinazoona pana kidogo zaidi zikiwa hapo kuliko zikifokasi karibu. Piga jozi moja kwa tundu lililo wazi kabisa na jozi nyingine kwa f/11, yaani tundu likiwa dogo. Giza la lenzi yenyewe hufifia ukifika f/11. Giza la hudi iliyozidi urefu hubaki, na kingo zake huwa kali zaidi, utaona hata umbo la petali. Kama giza lipo kwa f/1.8 tu na linatoweka kwa f/11, hudi inagusa kidogo sana; kwa picha za watu mimi ningeivumilia.

Usiliamini tundu la kuchungulia. Kamera nyingi za DSLR (zenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye tundu hilo) za bei ya chini zinakuonyesha takriban asilimia 95 ya picha, na kile kisichoonyeshwa ndiko kona ziliko. Tumia skrini ya nyuma, au fungua picha kwenye kompyuta. Na zima ule urekebishaji wa kona uliomo ndani ya kamera kabla ya kupima. Umetengenezwa kupunguza giza la lenzi, na unaweza kuficha dalili za mwanzo za hudi mbaya.

Kuna jaribio la upande wa pili pia, la kuona kama hudi inatosha. Ukiwa umeelekea jua la jioni, hudi ikiwa imefungwa, leta mkono polepole juu ya hudi hadi kivuli chake kiangukie kioo, bila mkono kuonekana kwenye picha. Kama weusi kwenye skrini unaongezeka ghafla, hudi yako ni fupi kwa kazi hiyo. Kama hakuna kinachobadilika, umefika mwisho wa kile hudi inachoweza.

Usiku na ukumbini

Taa za wavuvi wa dagaa zinavutia sana usiku usio na mwezi, na watu huniuliza hudi gani inafaa. Kwa taa zilizomo ndani ya picha, hakuna. Ondoa filta ya UV. Kioo chake bapa ndicho kinachozaa zile taa za mzimu zilizopinduliwa upande wa pili wa picha. Hudi inasaidia dhidi ya taa za barabarani na za mahoteli zilizo ubavuni mwako ufukweni, na inapunguza wale wadudu wadogo wa ziwa wanaokuja kutua kwenye kioo.

Ukumbini, kama unatumia flashi ya kamera yenyewe, ile inayoinuka juu, vua hudi. Kwenye 18 mm inatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha, pale pale kwenye gauni la bibi harusi. Flashi ya kuchomeka juu iko mbali zaidi na haina shida hiyo mara nyingi.

Dukani

Nenda na lenzi, usiende na namba ya milimita peke yake. Soma herufi zote zilizochapwa kwenye pete, IS, STM, VR, namba ya toleo. Hudi za kuigiza zinafanya kazi sawa na za kampuni kama umbo ni lile lile, kwa kuwa humo hakuna kioo. Mahali zinapoanguka ni kwenye kufunga, zinalegea na kuzunguka ovyo, na kwa petali tumeshaona matokeo yake. Ifunge na kuifungua mara kadhaa papo hapo.

Kisha itazame ndani chini ya taa ya duka. Ikimeremeta, itarudisha mwanga kwenye lenzi badala ya kuumeza. Hilo halinifanyi niiache ikiwa umbo na kufunga viko sawa: kipande cha mahameli nyeusi na gundi kidogo vinaimaliza kazi hiyo, ukikata kitambaa milimita mbili au tatu nyuma ya ukingo ili nyuzi zake zisining'inie mbele ya picha.